Nilivyochangisha fedha za maboila ya Waverley kwa mtindo wa kamati ya harusi

Kabla sijaanza kuchangisha fedha kwa ajili ya meli ya Waverley nilipewa ushauri mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri huo haikunifaa kitu. Niliambiwa kwamba Waafrika wanaoishi Glasgow hawatatoa hata senti kwa meli ya Waskoti, kwamba Waskoti nao hawatampa fedha zao mtu mwenye lafudhi kama yangu, na kwamba mchango wa maana hutoka kwa makampuni makubwa tu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kweli, na walioniambia hayo bado wapo, bado wanawashauri wengine.

Kwa asiyeijua, Waverley ni meli ya mvuke ya abiria iliyojengwa na kiwanda cha A. & J. Inglis hapahapa Glasgow, ikashushwa majini Oktoba 1946 na kuanza safari Juni 1947, ili ichukue nafasi ya meli ya jina hilohilo iliyozamishwa vitani Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940. Haisukumwi na propela ya nyuma, bali na magurudumu mawili makubwa yaliyo ubavuni, moja kila upande, nayo ndiyo meli ya mwisho duniani ya aina hiyo inayoendelea kubeba abiria baharini. Mwaka 1974 kampuni iliyokuwa ikiimiliki iliikabidhi kwa chama cha wapenzi wa meli hizo kwa bei ya pauni moja.

Pauni hiyo moja ndiyo inayowadanganya watu. Wanafikiri kwamba meli iliyopatikana kwa pauni moja na inayojaza abiria wakati wa kiangazi haina sababu ya kuomba, ilhali msimu wake ni wa miezi michache tu, upepo ukichafuka safari inafutwa na nauli zinarudishwa, na kila mwaka lazima ipandishwe chelezoni ikaguliwe chini, ibadilishwe mabati yaliyoliwa na kutu, na ipate cheti ambacho bila hicho hairuhusiwi kupakia abiria hata mmoja. Nauli hulipa mafuta na mabaharia; boila, mtambo unaochemsha maji yawe mvuke, halilipiki kwa nauli. Ndiyo maana ilipotangazwa Mei 2019 kwamba maboila yamechoka kiasi cha kutofaa kuwashwa, msimu mzima ulifutwa na umma ukaombwa pauni milioni 2.3.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuipanda meli hiyo mara kadhaa, na kila mara nilikuwa sitoki kwenye ule ujia wa katikati, ambapo abiria anasimama na kuitazama injini ya mvuke ikifanya kazi chini yake. Silinda ni tatu, mvuke uleule unapita kutoka ndogo kwenda kubwa, na mitaimbo mitatu ya chuma kilichong'arishwa inazunguka kwa zamu huku fundi akipita kati yake na kopo la mafuta bila haraka yoyote. Harufu ya mafuta ya moto hubaki kwenye koti hadi nyumbani. Kwa mtu aliyezaliwa Kigoma, akakua akiisikia honi ya Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, jambo hilo si la kupita tu.

Sasa niseme habari ya barua. Bwana mmoja aliyejitambulisha kwangu kama mtaalamu wa kuchangisha fedha alisisitiza kwamba lazima nitengeneze kijitabu cha rangi, chenye karatasi nzito inayong'aa, kinachoeleza "urithi wa viwanda wa mto Clyde", kisha nikitume kwa wakurugenzi wa makampuni. Uchapishaji ulinigharimu kama pauni mia mbili hivi, labda na ushee, bila kuhesabu stempu. Niliandika barua nzuri sana, za adabu kuliko barua ya posa, nikaziweka sahihi kwa kalamu ya wino, na kwa wiki nyingi sikusikia lolote. Majibu yalipoanza kuja yalifanana kana kwamba yameandikwa na mtu mmoja: wanathamini kazi yetu, wanatutakia kila la heri, ila sera yao ni kusaidia elimu na afya pekee. Kampuni moja haikujibu kwa barua, ikatuma boksi la kalamu zenye nembo yake. Nilimpigia mtaalamu wangu kumweleza, akaniambia kwamba kosa lilikuwa kwenye karatasi, ilipaswa kuwa nzito zaidi.

Kuhusu kusimama barabarani na kopo la kuchangia sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba kibali cha halmashauri ya jiji ni lazima, kinaombwa mapema, na mvua ya Glasgow haina kibali.

Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini nahangaika na wakurugenzi nisiowajua, wakati tulipomwoza mdogo wake tulikusanya fedha za ukumbi, chakula na muziki kutoka kwa watu hawahawa ninaosema hawana fedha. Nikaona ana haki. Tukaunda kamati kamili, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tukachapisha kadi za mchango za kawaida zisizong'aa, zenye maneno tuliyoyazoea: "Kamati ya maandalizi ya maboila ya Bi Waverley inakuomba mchango wako wa hali na mali." Watu walicheka, na waliocheka waliuliza kima cha chini ni kiasi gani. Wengine waliuliza kama kuna kadi ya single na ya double. Tukawajibu kwamba zipo, na kwamba meli ikipona tutakwenda nayo wote Rothesay, mji wa kisiwani, ingawa nauli kila mtu atajilipia.

Orodha ya ahadi ndiyo iliyofanya kazi kuliko hotuba zangu zote. Kila Jumapili jioni mweka hazina aliituma kwenye kundi letu la WhatsApp ikiwa na jina, ahadi, kilicholipwa na baki. Jina la kwanza nililichagua mwenyewe kwa makusudi: mzee mmoja anayeheshimiwa na Wabongo wote wa hapa, ambaye nilimfuata kwake kabla kundi halijafunguliwa, akaahidi pauni 40 na kuzitoa palepale mezani. Baada ya hapo ni nani angethubutu kujiandika chini ya jina lake kwa pauni tano? Anayetaka kuiga asianze na tajiri, kwa kuwa watu watasema huyo anazo. Aanze na mtu ambaye kila mmoja anajua kwamba hana nyingi.

Nilijifunza pia kutotamka neno "urithi" mbele ya watu. Nilichowaonyesha ni video ya ile injini niliyoipiga msimu uliotangulia, nikawaambia wale wa Kigoma kwamba Liemba yetu ilitolewa injini zake za mvuke miaka ya 1970, ikawekewa za dizeli, na kwamba hii ya wenzetu bado inayo ileile ya mvuke iliyotengenezwa Greenock. Wakitaka kuona mvuke unavyoendesha meli, ni hapa. Mama mmoja aliyekuwa ameahidi kumi akabadilisha, akaandika thelathini.

Kikao kikubwa tulikifanya kwenye ukumbi wa kanisa, tukawaalika na Waskoti wachache wapenzi wa meli hiyo. Mama mmoja wa Tanga alikuwa ameoka keki yenye umbo la Waverley, yenye dohani mbili nyekundu zenye mkanda mweupe na kilele cheusi, na magurudumu ya biskuti yaliyobandikwa ubavuni kwa jamu. MC alikuwa shemeji yangu, ambaye harusi zote za hapa ni zake. Mnada ulianzia pauni kumi, ukapanda hadi thelathini na kitu, keki ikaangukia kwa dereva mmoja wa teksi kutoka Mombasa, ambaye alilipa, akaisogeza mbele na kutamka neno ambalo kila aliyewahi kuhudhuria mavuno ya kanisani analijua: "Narudisha. Iuzwe tena."

Pembeni yangu alikaa mzee wa Kiskoti, mchomeleaji mstaafu wa viwanda vya meli, akaniinamia na kuniuliza kwa huruma kama yule bwana ameona dosari kwenye keki. Nikamweleza kwamba kwetu keki ya mnada hailiwi na aliyeinunua kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akaingia mnadani mwenyewe, akawashinda wote, akasimama na kupaza sauti kwa lafudhi ambayo siwezi kuiandika: "Narudisha!" Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mnunuzi aliyefuata alikula dohani ya nyuma kabla ya kuirudisha, lakini shemeji hakutetereka hata kidogo, akatangaza kwamba meli imepata hitilafu, inahitaji matengenezo, na kwa hiyo bei yake haiwezi kushuka. Ikapanda kweli. Niliacha kuhesabu imeuzwa mara ngapi, na mwisho wake iligawiwa watoto ikiwa imebaki gurudumu moja.

Zile kalamu za kampuni zilipata kazi usiku huo. Kwa sheria za Uingereza, mlipa kodi akitoa mchango kwa shirika la hisani na akajaza fomu ya Gift Aid, shirika hurejeshewa na serikali senti 25 kwa kila pauni, bila mchangiaji kuongeza chochote. Wenzetu wengi waliziogopa fomu hizo wakidhani watu wa kodi watawafuata nyumbani, hivyo nilikaa mlangoni na kumweleza mmoja mmoja kwamba kodi yenyewe ameshalipa, kinachofanyika ni sehemu yake kuelekezwa kwenye meli. Jina kamili na anwani ya nyumbani ni lazima. Tiketi ya bahati nasibu haihesabiwi, maana hapo umenunua nafasi ya kushinda, lakini ahadi iliyolipwa inahesabiwa, nami nilihakikisha hakuna aliyelipa ahadi akatoka bila kusaini.

Kwa jumla tulipeleka elfu tatu na kitu, ambazo kwenye milioni 2.3 ni kidogo, lakini zilizidi kwa mbali zile za kijitabu, ambazo zilikuwa sifuri. Desemba 2019 Serikali ya Uskoti ikatoa pauni milioni moja na lengo likafikiwa. Sidai kwamba ni keki yetu iliyowashawishi, ingawa shemeji anadai hivyo. Maboila mapya yalifungwa mwaka uliofuata, na Agosti 2020, pamoja na korona yote, meli ilirudi kazini.

Ninaulizwa mara kwa mara kwa nini sikuichangia Liemba, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Liemba ni mali ya serikali na matengenezo yake hungoja bajeti; siku likiwekwa kopo Kigoma, nami nitaleta orodha yangu.

Kamati hatukuivunja, kwa sababu chelezo ni ya kila mwaka na boila jipya haliondoi kutu kwenye bati. Siku hizi tunaomba pauni tatu kwa mwezi zinazokatwa moja kwa moja benki, jambo ambalo watu huliafiki upesi na kulisahau upesi zaidi, na hilo ndilo tunalolitaka. Zile ahadi za zamani nazo zimelipwa karibu zote. Aliyebaki ni shemeji, ambaye mbele ya ukumbi mzima, kipaza sauti kikiwa mkononi mwake, aliahidi pauni mia; baki yake ni sitini, na Jumapili hii orodha inatoka tena.