Siku moja na kuku wangu: kazi ni maji, wengine wanaita dawa

Watu wakisikia unafuga kuku nyumbani wanadhani ni kumwaga pumba asubuhi na kuokota mayai jioni. Mimi niko Goba, Dar, nina kuku 120 wa mayai hapa uani, na kinachonitoa jasho kuliko vyote ni maji.

Saa 11 alfajiri naamka, nafagia banda, naosha drinka, vile vyombo vyao vya kunywea maji. Nasugua mpaka ule utelezi wa ndani uishe, kusuuza tu haitoshi.

Saa 12 naangalia ndoo. Nilikinga jana mchana, zikapigwa jua, zikalala wazi, juu nimetandaza kipande cha chandarua tu mbu wasije wakataga. Maji ya bomba yana klorini, kazi yake kuua vijidudu, na mimi ninachowapa kuku ni probayotiki, yaani bakteria hai, ndugu zao wale wa kwenye mtindi. Ukiikoroga kwenye maji yaliyotoka bombani sasa hivi umenunua pakiti ukaiua mwenyewe. Klorini ya kawaida ikiachwa wazi inaruka yenyewe, jua linaisaidia. Kuchemsha pia inatoka, ila mkaa wa nani? Siku ya chanjo ya kideri ya kwenye maji ni habari hiyohiyo, klorini inaua chanjo, ndo maana wengi wanatia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, yanaizima.

Saa 1 nakoroga. Nakuwa nimewanyima maji kama lisaa hivi, kwahiyo wanagombania na yanaisha mapema. Ikifika saa 4 yamebaki namwaga, nawawekea ya bomba vilevile na klorini yake, maana maji yasiyo na klorini kwenye joto la Dar ni makazi ya wadudu wabaya. Jirani ananicheka eti mara natoa mara narudisha.

Saa 3 akaja mteja, kaka mmoja na gari lake zuri tu, anataka trei moja. Nikamwambia elfu tisa, akasema saba, sawa hiyo nimeizoea, kisha akaona pakiti pale dirishani.

"Dada, hiyo ndo dawa mnawapa?"

"Sio dawa kaka, ni bakteria wazuri wa tumbo."

"Bakteria? Mnawapa kuku bakteria?"

Basi nikaanza somo, mara mtindi, mara utumbo, yeye anasikiliza huku anachat, nikimaliza ananiuliza kwani zile ARV, dawa za UKIMWI tunazosikia mnawapa kuku, mnaweka wakiwa na umri gani. Jamani! Nikamwonyesha pakiti, akaipiga picha, akamtumia mke wake, tukasimama juani tunasubiri mke ajibu, mke akapiga, nikapewa simu nimweleze tena upya, "shikamoo shemeji" kwanza halafu mtindi halafu utumbo, na kuku wangu kule ndani wanapiga kelele mayai hayajaokotwa. Mwisho akalipa elfu nane na akaomba mfuko.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Mchana joto likapanda, kuku midomo wazi mabawa wameyatanua, na kwenye joto hivi kuku wa mayai anaweza kunywa nusu lita kwa siku, mara mbili ya kawaida, pressure ya bomba haifiki uani kwahiyo ni ndoo kichwani kutoka getini, unajaza hapa unasikia kule wamemwaga, mgongo ukawa unaniita jina. Chakula, mayai, maranda, mteja mwingine wa mkopo, ndoo za kesho zikaanikwa juani hukohuko katikati.

Jioni nimekaa nakandakanda miguu, yule kaka kapiga. Eti kiini ni cha njano mno, nimetia rangi gani.

"Mchicha, kaka."

Akauliza na huo mchicha naupata duka gani la dawa.