Laptopu ikimwagikiwa chai, usiiwashe "kuona kama bado inafanya"

Gunia zima la mchele wa Mwea halitaiokoa laptopu iliyoingia maji. Mchele haufiki chini ya chipu maji yalikonaswa, na hata ungeyavuta yote, chumvi na sukari zingebaki pale pale. Isitoshe, bodi (sahani ya saketi iliyo ndani ya laptopu) haiuawi na maji peke yake. Inauawa na maji yenye umeme ndani yake. Betri ikiwa bado imechomekwa, shaba huliwa pini kwa pini hata laptopu ikiwa imezimwa, na ile kutu ya kijani inayoonekana baadaye ndiyo hiyo shaba. Kwa hiyo toa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, fungua kifuniko cha chini, chomoa betri. Mengine yote yanaweza kungoja.

Kilichomwagika nacho kina uzito wake. Maji ya mvua yaliyopenya begi kwenye foleni ya matatu ni afadhali. Maji ya kisima, ambayo mitaa mingi ya Nairobi huyategemea mifereji ikikauka, yana madini zaidi. Chai ya maziwa ndiyo balaa, na hapo hata mafundi huteleza: wanakimbilia alkoholi. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Anza na maji yaliyokenekwa, yale ya betri ya gari yanayouzwa kwenye vituo vya petroli (soma chupa vizuri, usije ukabeba asidi), sugua kwa mswaki laini, kisha alkoholi ifuate iyafukuze maji.

Kabla ya kuosha, bodi itolewe na ivuliwe vyote: feni, sahani ya kupozea, RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (hifadhi ya mafaili), na ile betri ya saa ya volti 3 ambayo kila mtu huisahau. Ikishaoshwa, ikaushe kwa hewa ya nyuzi 60 hadi 70 kwa saa moja au mbili. Kisha ipitie kwa hadubini. Anza na soketi ya waya wa skrini. Kwenye bodi nyingi laini (njia ya shaba) ya taa ya skrini, yenye volti nyingi, iko karibu na laini za picha zinazokwenda moja kwa moja kwa prosesa, chipu kuu ya laptopu. Kutu ikiziunganisha hapo, umeingia hasara ya prosesa kwa sababu ya soketi ya bei ndogo. Pini zikiwa nyeusi, badilisha soketi. Kukwangua ni kuahirisha tatizo.

Sasa multimita (kipima umeme), bodi ikiwa bado haina umeme. Pima ukinzani kati ya laini kuu ya volti 19 na ardhi ya bodi (upande hasi). Bodi isiyo na hitilafu husoma maelfu ya omu. Ukipata omu 1 au chini yake, una shoti, na mara nyingi ni kapasita ya kauri, kijidude kidogo cha kuhifadhi chaji. Usiige kipimo hicho kwenye koili za prosesa (zile zinazoilisha umeme), maana zile husoma omu chache tu zikiwa salama, na wengi wameng'oa prosesa isiyo na kosa.

Kutafuta shoti, tumia pawasapulai ya mezani, chanzo cha umeme unachokipangia volti na ampea. Iweke volti 1, anza na ampea 1, panda polepole. Lakini kwanza pima kati ya laini kuu na koili za prosesa: kama zimeungana, mosfeti ya juu (swichi ya umeme kati ya hizo mbili) imepasuka, na umeme wako utaingia kwenye prosesa. Ing'oe hiyo kwanza. Laini ikiwa peke yake, paka alkoholi juu ya bodi na uangalie. Sehemu moja itakauka kabla ya nyingine, kiduara kidogo kinachopanuka kuzunguka kapasita moja. Ndiyo hiyo. Weka flaksi (dawa ya kulehemu), ing'oe, pima tena. Shoti ikiondoka, rudisha ya thamani ileile inayostahimili angalau volti 25. Utaipata kwenye bodi zilizokufa, ambazo ziko tele kwenye vibanda vya barabara ya Luthuli, Nairobi. Usiweke ya volti 16 kwa sababu imekaa vizuri kwenye pedi.

Chomeka volti 19 kutoka pawasapulai, siyo chaja, na uwekee ampea kikomo. Ampea zikibaki 0.00 kabisa, angalia mosfeti za mlango wa chaja na risista ya kupimia mkondo, ambayo kutu hupenda kuikata. Ikivuta kidogo, tafuta volti 3.3 na 5 kwenye koili zake. Zikiwepo na kitufe hakijibu, fuata laini ya kitufe.

Haya yote yajaribiwe bila kibodi ya zamani. Kibodi iliyolowa chai hujibonyeza yenyewe: laptopu inajiwasha, inajizima, au inaandika herufi moja mfululizo, na bodi uliyoitengeneza vizuri inarudi mezani kama bado mbovu.