Siku Waamuzi wa Tuzo Walipofika Wete

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka pale Forodhani, na kwa muda mrefu baada ya hapo mazungumzo ya barazani Unguja yalikuwa ni ya majengo tu. Sisi tunaofanya kazi ya chuma tulikuwa na uchungu wetu wa pekee. Vyumba vya nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, lakini jumba lile la Sayyid Barghash, lililojengwa mwaka 1883, lilipata kumbi pana kwa msaada wa mihimili ya chuma, na baraza zake zikasimama juu ya nguzo ndefu za chuma cha kusubu. Kila mmoja wetu aliyejifunza ufundi mjini aliwahi kusimama chini ya nguzo zile akaangalia juu.

Mwaka uliofuata, kiwanda chetu cha majengo ya fremu za chuma kiliingia katika mashindano ya tuzo za ujenzi. Wenzangu wengi walitaka tupeleke ukumbi wa kuuzia magari tulioujenga mjini, wenye vioo mbele na picha za kupendeza. Mkurugenzi akamsikiliza fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, akachagua ghala la karafuu tulilolisimamisha Wete, juu kidogo ya bandari. Mimi nilikuwa mchoraji wa michoro ya karakana, na ndiyo sababu nilitumwa Pemba pamoja na Mzee kuwapokea waamuzi.

Ghala lile halikuwa na urembo wowote. Lilikuwa na upana wa mita 24 bila nguzo katikati, ili lori liingie, ligeuke na kutoka, na kwenye mgongo wa paa tuliacha njia ya hewa, kwa kuwa bati lisilopumua hutoa jasho usiku na tone moja likidondokea gunia huanzisha ukungu. Fremu zote zilikuwa za kufunga kwa bolti. Hatukuchomelea hata kiungo kimoja pale Wete, kwanza kwa sababu vipande vilivuka bahari na ilibidi viwe vifupi, na pili, ambayo ndiyo sababu kubwa, kwa sababu moto wa kuchomelea huunguza zinki, yaani ule utando unaokikinga chuma na kutu, na kukiacha chuma uchi mbele ya hewa ya chumvi.

Waamuzi walikuwa watatu. Wawili walitazama michoro, wakauliza habari za upepo wa kusi na uzito wa paa, wakaridhika. Wa tatu, mhandisi wa makamo, hakuuliza kitu. Alimwamkia Mzee, "Shikamoo, Mzee," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," kisha akavua viatu, akapanda ngazi upande wa baharini na kuingiza kichwa chini ya upenu kwa tochi.

Moyo wangu ulitulia nilipoona anakoangalia, kwa sababu alikuwa anaijua kazi. Asiyejua hukagua ukuta unaopigwa na mvua. Ukuta ule mvua huuosha, ilhali chini ya upenu chumvi hukaa siku zote, ikavuta unyevu usiku na kula chuma taratibu. Alipitisha kidole juu ya papi, yaani vyuma vinavyobeba bati, akakiangalia, kisha akatoa kipimo kidogo cha unene wa zinki na kukigandamiza kwenye nguzo, kwenye papi, na kwenye bamba la kitako lililokaa juu ya jukwaa la zege ili maji yasituame. Kiwango kinachotakiwa kwa chuma kinene kilichochovywa katika zinki ni wastani wa mikroni 85, yaani sehemu 85 za elfu za milimita. Kila alipopima alimsomea Mzee tarakimu kwa sauti, na hakuna iliyoshuka chini ya hapo.

Aliposhuka aliuliza swali moja: kwa nini kila bomba la mraba lilikuwa na tundu mbili ndogo karibu na ncha, na hazikuwamo kwenye michoro ya mwanzo? Mzee alimjibu kwamba chuma huchovywa katika zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 450 hivi, na bomba lililozibwa likiwa na unyevu ndani hugeuza ule unyevu kuwa mvuke na kupasuka, likaua watu. Tundu zile alizitia alama kwa chaki mwenyewe, bomba kwa bomba, kabla ya mzigo kuondoka karakana. Akaongeza kwamba kila kaskazi inapomalizika mlinzi wa ghala huosha upenu kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na kwamba sharti hilo tuliliandika katika mkataba. Mhandisi aliandika maneno hayo yote. Naamini hapo ndipo tuliposhinda.

Tulipewa tuzo mbili usiku mmoja, ya jengo la fremu ya chuma na ya ubora wa kazi, katika ukumbi wa hoteli uliojaa watu wa kampuni kubwa kuliko yetu. Mkurugenzi alimpandisha Mzee jukwaani azipokee, na haki ilikuwa yake.

Mteja wa kwanza kuja kwa ajili ya sifa hiyo alitaka ghala kama lile karibu na pwani, ila tulipake rangi ya kuzuia kutu badala ya zinki ili bei ishuke. Mkurugenzi alikataa palepale, nami nilifurahi sana. Alimshauri apunguze upana na abakishe zinki. Mteja alikwenda kufikiri, akarudi akakubali upana wa mita 18, na jioni ileile nikaanza kuchora, safari hii tundu za kupumulia zikiwamo ndani ya michoro tangu ukurasa wa kwanza.