Nilivyozilinda nyimbo zangu mtandaoni bila kuzifunga kufuli

Natengeneza singeli mwenyewe chumbani kwangu Mbagala: biti, sauti, miksi, mpaka jalada. Wimbo ukivuja, ni jasho langu lote linalovuja. Nilipoanza kuuza mtandaoni nilitaka kutumia DRM, yaani faili lifungwe kwa msimbo na lifunguke tu kwenye programu yenye ufunguo wake.

Nilipochunguza nikaliacha wazo hilo. Wasikilizaji wangu ni madereva wa bodaboda na bajaji, na watu wa vigodoro. Muziki wao unakaa kwenye flashi na memori kadi, na faili lililofungwa halipigi kwenye redio ya bajaji. Anayekwama ni aliyelipa. Mwizi anairekodi sauti ikishatoka tu. Wakubwa walishayaona hayo. Mwaka 2005 Sony BMG waliweka kwenye CD programu ya kuzuia kunakili, ikawa inajificha ndani ya kompyuta za wateja na kuziachia mwanya wa virusi, ikabidi CD zirudishwe. Apple nao waliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka la iTunes mwaka 2009. Spotify na wenzao bado wanafunga, lakini hilo ni kufuli lao wenyewe; ukishawapa wimbo huna la kufanya zaidi.

Basi nguvu zangu nikazipeleka kwenye mambo mawili: kuthibitisha kuwa wimbo ni wangu, na kumjua anayevujisha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu unapotengeneza kazi, hata kama hujasajili. Mimi nasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hata hivyo, kwa sababu kwenye ugomvi karatasi inafupisha maneno. Pia natunza faili zima la mradi, kila ala kwenye njia yake. Mwizi anaweza kuwa na mp3; hawezi kukutolea ngoma peke yake na kinanda peke yake.

Kabla wimbo haujatoka, lazima niwatumie madj. Hapo kila dj anapata kopi yake. Ya huyu, kayamba moja inaingia nusu pigo mapema kwenye kiitikio cha pili. Ya yule, nimeigeuza irudi nyuma. Ya mwingine, nimeisogeza kushoto kabisa mwa spika. Kwa mwendo wa singeli hakuna anayegundua akiwa anacheza. Naandika kwenye daftari nani kapewa ipi.

Siku moja mdogo wangu akaniambia, "Dada, wimbo wako unauzwa Tandika, kwa wale wanaojaza nyimbo kwenye flashi." Nilimwomba aninunulie. Nikavaa hedifoni, nikakifuata kiitikio cha pili, kayamba ikaja kushoto. Nikampigia mwenye kopi hiyo bila kupayuka, nikamtajia sehemu yenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha: "Dada'angu, ni kijana wangu hapa ndiye aliyeirusha. Naomba radhi." Sasa anasikiliza wimbo wangu siku ya kutoka, kama watu wengine.

Kwa YouTube natumia Content ID kupitia msambazaji wangu, huyohuyo anayenipa ISRC, yaani namba ya kuutambulisha kila wimbo uliorekodiwa. Mfumo unalinganisha sauti ya video zinazopakiwa na wimbo ulioandikishwa. Ukifanana, mwenye haki anachagua video izuiwe, au ibaki na pesa ya matangazo ije kwake. Sisi wa singeli lakini tuwe makini sana hapa. Tumezoea kukata vipande vya taarabu, na wimbo wenye kipande cha mtu mwingine hauruhusiwi kuandikishwa kana kwamba sauti yote ni yako. Nyimbo zangu za namna hiyo siziweki humo. Naweka zile tu ambazo kila sauti nimeipiga mwenyewe.

Video za watoto wakicheza mtaani sijawahi kuzizuia hata moja. Zinabaki, matangazo yanalipa upande wangu, na wengi wananifahamu kupitia hizo.