Kumbukumbu ya mradi: pavilioni ya Lord's kwa kadibodi, wiki ya saba

Wiki hii nimebandua ukuta wa mbele kwa mara ya pili, na safari hii sijutii. Tangu nianze kuunda mfano wa pavilioni (jengo la wachezaji na wanachama wa klabu) ya uwanja wa kriketi wa Lord's, London, kwa kipimo cha 1 kwa 100, nilikuwa nikilichukulia jengo hili kama sura ya nje tu: minara miwili pembeni, matofali, mapambo ya udongo wa kuchomwa na safu za viti katikati. Kila nilipounganisha vipande, matokeo yalifanana na kabati lililoegemezwa ukutani.

Nilikotakiwa kuanzia ni kwa msanifu mwenyewe, Thomas Verity, ambaye kabla ya kazi hii alikwishajijengea jina kwa kubuni kumbi za maigizo, ukiwamo wa Criterion uliopo London hadi leo. Pavilioni yake ilijengwa kati ya 1889 na 1890, mahali pa ile iliyojengwa baada ya moto wa 1825 kuiteketeza ya awali pamoja na kumbukumbu za MCC, klabu ya kriketi yenye uwanja huo. Ukishajua kwamba aliyeibuni alikuwa mtu wa kumbi za maigizo, michoro inasomeka upya: roshani na viti vilivyopandana ni vya watazamaji, na kiwanja ndicho jukwaa. Tofauti ni kwamba mchezaji hatokei nyuma ya pazia, bali hushuka ngazi kutoka chumba cha kubadilishia nguo, akakatiza ukumbi wa Long Room katikati ya wanachama, kisha akatoka nje akiwapita waliokaa hadi kwenye nyasi.

Kwa hiyo nimeanza upya kutoka ndani. Long Room imesimama kwanza, na madirisha yake marefu yanayotazama uwanja nimeyakata kwenye plastiki angavu. Ngazi zimefuata, na hizo zimenila siku tatu. Sishangai tena kwamba David Steele, alipoichezea Uingereza mechi yake ya kwanza ya Test (mechi ndefu ya kimataifa ya siku kadhaa) mwaka 1975, alishuka ngazi kupita kiasi akajikuta kwenye vyoo vya chini badala ya uwanjani. Ukuta wa mbele umekuja mwisho, na sasa unakaa mahali pake bila kulazimishwa.

Rangi ya udongo wa kuchomwa bado inanisumbua. Nilichanganya kahawia hafifu na waridi, ikakauka ikafanana na plasta ya kidonda. Nimegundua kwamba picha zilizopigwa kabla ya ukarabati wa 2004 na 2005 haziwezi kutumika pamoja na za baadaye, kwa kuwa jengo lilisafishwa na paa la juu kati ya minara likabadilishwa. Nimechagua hali ya sasa, ingawa moyo wangu uko 1899, mwaka ambao mchezaji Albert Trott aliupiga mpira ukavuka pavilioni nzima, jambo ambalo hakuna aliyelirudia tangu hapo.

Mpira huo uligonga bomba la moshi kabla ya kuangukia nyuma. Bomba langu, lenye unene wa njiti ya kiberiti, limevunjika jana mikononi mwa kibanio. Nimelibandika kwa gundi, likakauka limeinama kidogo kuelekea nyuma, nami nimeliacha hivyo hivyo.