Mtathmini aliniona saa 8 mchana

Barua ya kukataliwa mafao niliyoomba kwa sababu ya ugonjwa wangu haikuzidi ukurasa mmoja na nusu. Maneno yaliyoniuma zaidi ni haya: mwombaji aliingia chumbani akitembea mwenyewe, akaketi bila msaada, akatia saini. Yote kweli. Nilitembea, nikaketi, nikatia saini. Ilikuwa saa 8 mchana.

Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia utando wa viungo vyako mwenyewe. Nikiamka viungo vimekakamaa; vidole haviwezi kufunga kifungo wala kushika kikombe, na hupita saa 2, hata 3, kabla havijalegea. Mchana ndio wakati wangu mzuri. Mtathmini alinikuta katika wakati huo, kwa dakika kama 20, akaandika alichokiona. Asubuhi yangu hakuiona. Wala hakuiona siku inayofuata dozi ya methotreksati, dawa ninayomeza mara moja tu kwa wiki, kisha kesho yake ni kichefuchefu na uchovu wa kushinda kitandani.

Siku 4 sikuigusa tena barua ile. Nilijiona nimeitwa mwongo. Dada yangu ndiye aliyeisoma hadi mwisho, akanionyesha kwamba siku za kukata rufaa zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa. "Wewe pumzika," akaniambia. "Sema tu, mimi naandika." Tukaandika aya 3: napinga uamuzi, ushahidi utafuata, naomba nakala ya jalada langu lote. Akaipeleka mwenyewe na kurudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nasisitiza muhuri huo, kwa sababu baadaye ofisi ilisema haikuona barua yetu.

Jalada lilipofika ndipo nilipoelewa. Barua ya daktari ilikuwa mstari mmoja: mgonjwa ana baridi yabisi na anaendelea na matibabu. Na fomu yangu mwenyewe, penye swali kama naweza kuvaa nguo, nilikuwa nimejibu, "Ndiyo, kwa shida." Miaka yote nimejikaza mbele za watu, nikajikaza hadi kwenye fomu. Lakini mafao hayatolewi kwa jina la ugonjwa. Swali ni unaweza kufanya nini, kwa muda gani, bila kujiumiza, na kama kesho utaweza kukirudia.

Basi nikaanza daftari. Siku ambazo vidole vilikataa nilijirekodi kwa simu, jioni dada akaandika. Kwa mfano: "Jumanne. Nimeamka saa 12. Vifungo nimeweza kuvifunga saa 3 na nusu. Sufuria ya maji imeniponyoka. Saa 7 nimerudi kulala." Siku nzuri nazo niliziandika, ingawa rafiki mmoja alinishauri niziache. Naona alikosea. Katika wiki 6 siku nzuri zilikuwa 11, na hesabu hiyo ilieleza maisha yangu kuliko malalamiko yoyote.

Nikaenda na daftari kwa daktari. Alilisoma kimya, kisha akasema, "Haya hujawahi kuniambia."

"Daktari, miadi yangu yote ni mchana."

Barua yake ya pili ilikuwa kurasa 2. Alieleza kukakamaa kwa asubuhi, madhara ya dawa, na kwa nini ugonjwa huu hupanda na kushuka bila taarifa.

Katika wiki hizo za kungoja niliona haya, kana kwamba naomba fadhila. Kilichoniinua ni kusoma kifungu cha 70 cha Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952: anayenyimwa mafao ana haki ya kukata rufaa. Si nchi zote zimeuridhia, lakini kujua kwamba haki hiyo iliandikwa zamani hivyo kulinitoa aibu.

Nikaomba kikao cha rufaa kiwe saa 3 asubuhi. Dada alihofia sitafika. Kweli nilifika nimeshikiliwa, viatu amenivalisha yeye, shati limefungwa vifungo 2 tu. Mwenyekiti wa jopo akauliza kama naweza kuandika. Zamani ningejibu ndiyo. Nikasema, "Mistari 2 naweza. Wa 3 hausomeki, na baada ya hapo mkono huo hauna kazi tena siku hiyo." Akafungua daftari, akauliza kuhusu ile sufuria, kisha kuhusu siku 11 nzuri. Nikamweleza kila moja ilivyokuwa.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki 5. Ule wa kwanza umetenguliwa, na mafao yamehesabiwa tangu siku ya maombi yangu ya awali. Mapitio ni baada ya miaka 2, kwa hiyo daftari bado naliandika, na miadi ya daktari nimeihamishia asubuhi.