Siku Moja na Maji ya Masika Kisauni

Saa kumi na moja alfajiri naamshwa na mvua ikipiga mabati, na moja kwa moja nakumbuka kiwanja cha Kisauni, Mombasa, ambako juzi tulimaliza kuchimba bustani ya mvua, yaani bonde dogo lenye mimea linalopokea maji ya mvua ili yazame ardhini.

Saa moja asubuhi nimeshafika. Maji ya paa na ya ua yameingia katika bonde tulilolichimba, lenye kina cha sentimita 15 na sakafu iliyosawazishwa, mita 3 kutoka msingi wa nyumba na mbali zaidi na choo na kisima. Paa lenyewe ni la mita za mraba 60, kwa hiyo mvua ya milimita 20 huteremsha lita 1,200, ambazo zamani zilikimbilia barabarani zikizoa mchanga, taka na mafuta ya pikipiki, hadi kwenye mikoko ya hori ya Tudor. Nachutama penye mlango wa maji. Tope limekwama kwenye mashina ya mkangaga, na juu yake utando wa mafuta unameremeta rangi rangi. Uchafu huo ungekuwa baharini sasa hivi. Hapa, vijidudu vya udongo vitayameng'enya mafuta hayo polepole.

Saa tatu mwenye nyumba anatoka na chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Dimbwi hili si litatuletea mbu?"

Ni swali la haki, nami hulijibu kila mahali. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja majini hadi mbu aruke, ilhali bustani iliyochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku moja au mbili. Namwonyesha kijiti nilichokitia alama: maji yameshuka vidole viwili tangu nilipofika. Ananiuliza pia kuhusu mbolea ya dukani, nami namsihi asiitie, kwa kuwa ingezama pamoja na maji hadi kisimani.

Saa sita niko kiwanja kingine, ambako jana nilichimba shimo la majaribio nikalijaza maji. Bado limejaa, kwa kuwa udongo wake umeshindiliwa na malori ya ujenzi. Nakataa kazi hiyo mpaka udongo ulegezwe na kuchanganywa na mchanga na mboji, ingawa mteja ananuna.

Saa kumi jioni narudi Kisauni. Kijiti kimesimama pakavu, na bibi ananionyesha upande wa jikoni anakotaka bustani ya pili kabla ya vuli.